Nimemaliza Tomie na Uzumaki, naombeni ushauri wa manga (katuni za Kijapani) ya kutisha ya kuendelea nayo

Bundi_wa_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tomie ya Junji Ito niliisoma muda kidogo, na wiki hii nimemaliza Uzumaki, yake pia. Kwa ambaye hajaisoma: kuna mji mdogo, Kurouzu-cho, unaoandamwa na umbo la mzunguko kama la gamba la konokono. Hakuna jini wala muuaji, ni umbo tu, na watu wanaharibikiwa mmoja mmoja. Ile sehemu ya baba yake Shuichi na pipa la mbao bado ninayo kichwani.

Nikitafuta nyingine nakutana na orodha zinazorudia vitabu vilevile, na vingi ni matumbo na damu kila ukurasa. Hivyo vinanichefua, havinitishi. Nataka kitu kinachobaki na wewe ukishazima taa. Nasoma kwa Kiingereza, na cha zamani pia sikatai. Halafu nina mdogo wangu wa kidato cha pili ameanza kuzipenda hizi hadithi. Kama kuna inayomfaa, mniambie.

Nawasilisha.

Mzee_wa_Juzuu

Mkuu, usimwache Junji Ito kabla hujapitia hadithi zake fupi. Watu wanakimbilia vitabu vikubwa, lakini kwangu mimi huyu bwana ni hatari zaidi akipewa kurasa chache. Mwishoni mwa Gyo, kitabu chake kingine, kuna moja inaitwa The Enigma of Amigara Fault. Tetemeko limepasua mlima, ukutani yametokea matundu yenye maumbo ya watu, na kila tundu lina mwenyewe. Mtu akiliona lake, hana nguvu tena ya kuondoka pale.

Angalia pia anavyopanga kurasa. Manga inasomwa kulia kwenda kushoto, na lile jambo lenyewe analiweka palepale unapofunua karatasi. Kabla yake ni mtu anashika kitasa, anageuza shingo, jasho linamtoka. Unajua kabisa kuna kitu upande wa pili, na ni mkono wako mwenyewe unaokifunua. Kwenye simu usisome kwa kuteremsha tu, weka ukurasa mmoja mmoja, la sivyo nusu ya kazi yake inapotea.

BintiMrima

Kaka Bundi, kwa ulivyoeleza unachotaka, mimi nina jibu moja: Blood on the Tracks ya Shuzo Oshimi. Jina lisikutishe, si kitabu cha kumwaga damu. Ni mama na mwanawe wa kiume, Seiichi, yuko shule ya kati. Wanakwenda kupanda mlima pamoja na ndugu, na huko mama anafanya jambo mbele ya macho ya mtoto. Sitasimulia. Kuanzia hapo ni nyumba, meza ya chakula, na uso wa yule mama. Oshimi anakupitisha kurasa na kurasa bila neno, macho tu yanabadilika kidogo kidogo, tabasamu linakaa sekunde moja zaidi ya inavyopaswa.

Mzimu ukikuzidi unahama nyumba. Mama mzazi unamkimbia uende wapi?

Zipo juzuu 17, na ilikamilika 2023. Mdogo wako asiiguse.

Kalamu_Nyeusi

BintiMrima nakuheshimu, ila hiyo kwangu ni huzuni kuliko hofu. Nilipoimaliza nililia, sikuogopa.

Mkuu kasema cha zamani hakatai, basi arudi kwa Kazuo Umezu: The Drifting Classroom, iliyotoka 1972 hadi 1974. Ito mwenyewe alianzia kwenye kivuli chake, maana Tomie ilitambuliwa kwenye shindano lenye jina la Umezu mwaka 1987.

Sho, mwanafunzi wa darasa la sita, anagombana na mama yake asubuhi na kutoka nyumbani kwa hasira. Siku hiyohiyo shule nzima inang'oka na kutupwa kwenye jangwa, na jangwa lenyewe ni dunia ya miaka ijayo. Wanaoharibikiwa kwanza ni walimu. Watu wazima wanashindwa kukubali wanachokiona, akili zinawaruka, na watoto ndio wanabaki kugawana maji na chakula. Sekiya, yule mleta chakula cha mchana, anageuka mtawala mkatili. Huku nyuma mama hana mwili wa kuzika, lakini anamsikia mwanawe akimwita. Kuna mahali anaficha kisu kwenye ukuta wa hoteli ili mtoto akikute kule aliko. Wote wanamwona mwendawazimu. Sijakutana na manga nyingine ya kutisha inayoshika upendo na hofu kwa pamoja namna hii.

Michoro ni ya zamani, vinywa wazi, mayowe kila upande, kwa hiyo zivumilie sura za mwanzo. Umezu alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 88.

Jirani_wa_Reli

Ongezea Dragon Head ya Minetaro Mochizuki, juzuu 10. Treni ya wanafunzi imefukiwa ndani ya handaki, wamebaki watatu hai. Giza tupu. Mwisho wake una wanaoulalamikia, mimi nasema ile sehemu ya handaki peke yake inatosha.

Mwalimu_Msomaji

Kuhusu mdogo wako: mpe Kitaro ya Shigeru Mizuki. Kitaro ni mtoto wa kizimwi anayewatetea binadamu, na inatisha kwa kiasi kinachomfaa mtoto. Mizuki alisimuliwa hadithi za vizimwi utotoni na bibi mmoja, kisha vita vikamchukua mkono wa kushoto huko Rabaul, naye akachora maisha yake yote kwa wa kulia. Baadaye apewe The Promised Neverland. Mieruko-chan ni nzuri, lakini ina michoro ya kumdhalilisha binti wa shule, kwa hiyo kwa mtoto siipendekezi.

Bundi_wa_Tanga

Asanteni sana wakuu. Naanza na Umezu, huyo mama wa kisu kanimaliza. Kalamu_Nyeusi, nitafute toleo lipi?

Kalamu_Nyeusi

Lile la jalada gumu la VIZ, wachapishaji wa manga kwa Kiingereza, limekusanya hadithi yote kwenye vitabu vitatu vinene. Ni ghali, tafuta kilichokwisha kutumika au cha kielektroniki. Na hicho cha kwanza usikianze usiku ambao kesho yake una kazi.