Mjadala: Je, vituo vya kuchajia mabasi ya umeme vijengwe kabla ya ratiba kupangwa?

Wapo wanaoshikilia kwamba vituo vya kuchajia vijengwe kwanza, popote penye kiwanja na umeme wa kutosha, kisha ratiba itafutiwe namna ya kuvifuata. Mimi napinga. Chaja ikishafungwa na kuvutiwa nyaya haihamishwi kirahisi, na kila kilomita ambayo basi litakwenda tupu kuifuata ni umeme na muda wa dereva usiomfaa abiria yeyote.

Basi la mita 12 hutumia takriban kilowati-saa (kipimo cha kiasi cha umeme) 1 hadi 1.5 kwa kilomita, na vilima, kiyoyozi na wingi wa abiria huongeza matumizi hayo. Likiwa na betri ya kilowati-saa 300, mpangaji mwangalifu atahesabu 240 tu, kwa sababu akiba haina budi kubaki na betri huchakaa kadiri miaka inavyopita. Kwa wastani wa kilowati-saa 1.25 kwa kilomita, hapo ana kilomita 190 hivi, na basi linalofanya kazi tangu alfajiri hadi usiku laweza kuhitaji zaidi.

Ndiyo maana wengine wanatetea chaja kwenye vituo vya mwisho vya njia, na hoja yao ina uzito: kilowati 300 kwa dakika 10 huingiza kilowati-saa 50, yaani mwendo wa kilomita 40. Geneva, Uswisi, kwenye njia namba 23, basi huchajiwa kwa kilowati 600 kwa sekunde 20 hivi huku abiria wakipanda na kushuka. Lakini dakika hizo 10 za kituo cha mwisho ndizo zile zile ambazo ratiba huzitumia kufidia ucheleweshaji. Basi likikwama kwenye foleni na kufika limechelewa dakika 10, dereva aondoke kwa wakati bila kuchaji, au achaji huku abiria wakisubiri? Na la nyuma yake likifika papo hapo, nalo linahitaji chaja ile ile, kosa la safari moja linakuwa kosa la jioni nzima. Wanaoumia ni wanaotegemea basi la mwisho kurudi nyumbani.

Hata kuchaji usiku kwenye karakana, mabasi yanakolala, hakukwepi ratiba. Mabasi 100 yakichomekwa kwa pamoja, kila moja kwa kilowati 100, yanadai megawati 10. Kama kila moja linahitaji kilowati-saa 200 na lina saa 8 za kulala, kuyapanga kwa zamu kunashusha dai hilo hadi megawati 2.5 hivi, tofauti inayobadilisha kabisa ukubwa wa transfoma ya kununua.

Sisemi kwamba mabasi haya hayafai. Jiji la Shenzhen, China, lilikwisha kubadilisha mabasi yake zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017. Ninachowaomba wanaotaka ujenzi utangulie ni watuoneshe ratiba ya siku yenye foleni mbaya kuliko zote, na waeleze kila basi litachajiwa wapi na saa ngapi.