Baiskeli Dar hadi Mbeya wiki ya Nane Nane: tubuku kambi mapema au tulale tutakapofika?

Pedeli ya Ubungo
Wakuu, habari za jioni. Tuko watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Tunatoka Dar tarehe 30 Julai kwa baiskeli kwenda Mbeya kwa njia kuu: Chalinze, Morogoro, Mikumi, mlima wa Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako. Mahema tunayo. Ubishi uliopo ni mmoja. Wenzangu wanataka tupige simu wiki hii tubuku kila kambi na kutuma kishika uchumba. Mimi naona ukishabuku usiku nane mfululizo umejifunga kamba miguuni, upepo ukikukataa siku moja tu mpango wote umelala. Mliowahi kupita mnasemaje?

Mkata Upepo
Msibuku chochote. Kubuku ni kwa watu wa basi. Mwenye baiskeli hajui atalala wapi mpaka saa tisa alasiri. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimelipia kambi Mikumi, spoki mbili za nyuma zikakatika nikiwa Doma. Fundi wa chini ya mwembe hakuwa na za saizi yangu. Akachomoa mbili kwenye rimu bovu la Phoenix, akazipima, zikawa ndefu, akazikata na kuzikunja vichwa upya kwa koleo. Kazi nzuri kabisa, bado ninazo mpaka leo. Ila tulipomaliza jua limeshashuka na mbele yangu ni hifadhi. Nikalala kwa mwenyekiti wa kijiji. Hela ya kambi ikaenda na maji.

Dada wa Keria
Kaka, mimi sijawahi kuwa mtu wa basi. Nimefika Mbeya kwa miguu yangu na mizigo nyuma, kwa hiyo hilo neno lirudishe.

Wewe mwenyekiti alikupokea haraka kwa sababu ni mwanaume. Mimi niliingia kijiji kimoja baada ya Mafinga saa moja usiku, baridi ya Julai inauma mpaka kwenye meno. Mtendaji kaenda wilayani, mwenyekiti yuko msibani, balozi haonekani. Vijana watatu wakatoka kilabuni wakawa wanaulizana kwa sauti, "Huyu ni wa nani?" Nikasimama dukani chini ya taa ya sola, nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikinunua biskuti moja moja ili nisionekane sina shughuli. Mama mwenye duka alipofunga akanichukua kwake. Mungu ambariki. Lakini usiku ule ungeweza kwenda vingine. Pedeli, mna wanawake wawili. Waulizeni wao kwanza kabla ya kutuuliza sisi.

Mzee wa Phoenix
Wanangu, nimeendesha baiskeli tangu mkiwa hamjazaliwa na sijawahi kupiga simu kuomba pa kulala. Unaingia kijijini jua likiwa bado lipo, siyo saa moja usiku. Unauliza ofisi ya mtendaji, unatoa kitambulisho, unaandikwa kwenye kitabu, unaonyeshwa mahali karibu na shule au zahanati. Kuanzia hapo kijiji kizima kinakulinda, maana likikutokea baya wataulizwa wao. Kambi gani ya kulipia ina ulinzi kama huo?

Na mkifika Kitonga msidandie malori. Aliyedandia lori Kitonga asiseme amefika Mbeya kwa baiskeli.

Nyanya za Ilula
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma kimya mpaka hapo, lakini hilo la Kitonga limenichoma. Mimi nimezaliwa Ilula, Kitonga ni ngazi ya nyumbani kwetu. Wakati wa msimu nimeona malori ya Tunduma yamefuatana mkia kwa kichwa, upande huu mwamba, upande ule korongo, na katikati baiskeli inayumba kama mlevi kwa sababu mwenyewe kaishiwa pumzi. Mimi niliipakia yangu kwenye pikapu ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, nikashushwa juu. Kupakia siyo kudandia. Anayedandia ameshika nyuma ya lori linalotembea, na huyo anacheza na roho yake. Nina haki ya kusema nimefika Mbeya.

Mzee wa Phoenix
Marahaba. Kupakia, kudandia, yote ni magurudumu ya mwenzio. Kitonga unashuka, unasukuma, unapumzika kwenye kona, unasukuma tena. Baba yangu alisukuma.

Nyanya za Ilula
Baba yako alisukuma barabara ikiwa na magari mangapi, mzee?

Mkata Upepo
Mimi nimepanda Kitonga bila kushuka. Mzee yuko sahihi. Ukikubali pikapu Kitonga utakubali na basi Mikumi, mwisho utabaki kuendesha Ubungo mpaka Kibaha.

Dada wa Keria
Bila kushuka, na mizigo? Gia gani?

Mkata Upepo
Mizigo ilitangulia Iringa kwa basi.

Dada wa Keria
Mizigo yako ndiyo mtu wa basi, kaka. Mimi nilisukuma na mizigo yangu yote, saa tatu nzima.

Mwenye Kambi
Ndugu zangu, naomba turudi kwenye swali la kijana. Nina kambi ndogo upande wa Iringa. Sitaitaja, sikuja kutangaza biashara.

Wiki ya Nane Nane kinachojaa ni gesti za mjini, hasa Morogoro na Mbeya, kwa sababu maonyesho yanafanyika huko na watu wa mabanda wanafika kuanzia mwisho wa Julai. Mahema hayajai. Uwanja wangu unachukua mahema ishirini na sijawahi kumfukuza mtu wa baiskeli. Kinachoniumiza ni anayebuku halafu hatokei wala hasemi. Mwaka jana kundi la watu sita liliniagiza chakula. Nikachinja kuku watatu, kijana wangu akachochea kuni za maji ya kuoga tangu saa kumi. Saa nne usiku bado nimeweka taa getini. Kumbe wamelala Ilula, wamechoka, na simu zimezimwa. Sikuwaza hela. Niliwaza wamegongwa.

Kwa hiyo mimi sitaki kishika uchumba cha mwezi mzima kabla. Nataka simu saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo: tuko mahali fulani, tukijaliwa tutafika jioni. Na nyingine saa kumi kama mambo yamebadilika.

Nyanya za Ilula
Waliolala Ilula walifanya vizuri, kutoka chini ya Kitonga mpaka Iringa mjini kwa siku moja ni kujitesa. Ndiyo maana nasema pikapu.

Bonde la Mibuyu
Kuhusu Mikumi, nilisikia ndani ya hifadhi lazima ubuku kambi mapema, ukifika hivi hivi wanakurudisha.

Mwenye Kambi
Hapana. Zinazobukiwa mapema ni kambi maalumu, zile unazokaa kundi lako peke yenu. Kambi za jumla unalipia kwa kontrol namba. Ila kulala ndani kuna kiingilio na ada ya kambi, siyo kupita barabarani tu. Wengi wa baiskeli hulala Mikumi mjini, nje ya hifadhi.

Dada wa Keria
Na hapo Mikumi ndipo ningebuku hata kama njia yote nyingine nisingebuku. Lami inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50 na huwezi kusimamisha hema katikati. Ukichelewa Doma unalala upande wa Morogoro, huingii jioni. Tembo wanavuka pale kama hawajui kuna barabara. Nilisimama mita mia moja kutoka kwa jike na mtoto wake, na dereva wa lori akaja taratibu akanikinga ubavuni mpaka wakapita. Wala hakuniuliza jina. Tuwe na adabu na madereva wa malori humu.

Mzee wa Phoenix
Sikuwatukana madereva, binti yangu. Nimesema wanaodandia.

Nyanya za Ilula
Na wanaopakia umesema, mzee. Iko hapo juu.

Mzee wa Phoenix
Nimesema. Baba yangu alisukumia pale mara nyingi, na safari moja aliteleza, mguu ukavunjika, akabebwa na lori la mbao mpaka hospitali ya Iringa. Hakusema kamwe kwamba siku ile alifika kwa baiskeli. Ndivyo nilivyolelewa.

Nyanya za Ilula
Pole mzee wangu. Nimekuelewa. Bado sikubaliani nawe.

Pedeli ya Ubungo
Asanteni wote. Nimewasomea wenzangu. Dada zetu wawili wamesema Mikumi tubuku, na hilo nimekubali bila ubishi. Morogoro tutapiga simu mapema kwa sababu ya maonyesho. Kwingine kote ni simu ya saa nne asubuhi kama alivyosema Mwenye Kambi, naomba namba yako pembeni. Sasa ubishi umehamia Kitonga, wawili wanataka pikapu na watatu wanataka kusukuma. Nyanya, pikapu za vitunguu zinaondoka Ruaha Mbuyuni saa ngapi, na zinapokea baiskeli ngapi kwa mara moja?

Nyanya za Ilula
Alfajiri, kabla jua halijachoma. Mbili zinakaa juu ya magunia bila shida. Funga kwa mpira wa tyubu, siyo kamba, kamba inakata waya wa breki.