Mrejesho: ile maneno ya mifupa baada ya hedhi kukoma

Wapendwa hamjambo, ni mimi yule wa mtaa wa Umoja niliteleza bafuni nikavunjika mkono, hedhi ilikoma nikiwa 50 na sasa niko 56, nikawauliza nifanye nini mifupa isiendelee kuisha. Asanteni sana, kuna wengine hata mlinigombeza kidogo na nilihitaji.

Nilienda kupimwa DEXA, ile picha ya kuangalia uimara wa mifupa, ikatoka -2.7, kumbe kuanzia -2.5 kushuka ndio wanaita osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa dhaifu ya kuvunjika haraka. Daktari akanipa alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isiendelee kuisha, tembe moja kwa wiki, unameza asubuhi tumbo tupu na maji peke yake, chai bado, halafu hulali nusu saa. Mimi nikajifanya mjanja wiki ya kwanza nikarudi kitandani, woi, kiungulia kilinichoma hadi jioni! Siku hizi nikimeza nafagia nyumba kwanza.

Omena nakula na mifupa yake yote, mala pia, na terere. Vidonge vya kalisiamu vilinifunga choo, nikarudi kwa daktari akanipunguzia. Kutembea iko sawa, nashuka matatu steji mbili kabla ya yangu. Ile ya kubeba jerikeni za lita tano kama mazoezi imenishinda jamani, magoti yalikataa, nimebaki na chupa za lita moja.

Na yule aliniambia niweke mkeka wa raba bafuni, Mungu akubariki, sijateleza tena.

Kipimo cha pili ni mwaka ujao, nikipata majibu nitawaambia.