MREJESHO: Ule mtambo wa gumegume wenye springi nje

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu mtambo wa kufyatulia wa bunduki ya gumegume (ile ya zamani inayowasha baruti kwa cheche za jiwe) nilioununua mnadani bila mtutu wala kitako: kwa nini springi kubwa iko nje, na je, ni wa Hispania au Italia?

Nimempelekea fundi wa silaha za kale. Kasema Hispania bila kusita. Alinionyesha mguu wa nyundo, yaani mkono unaobeba jiwe: springi inausukuma kisigino chake kwenda juu. Ile ya Kiitaliano huusukuma upande wa kidole, kwenda chini. Kumbe aliyenijibu hapa kwamba "springi nje ni Hispania tu" alikosea.

Kilichonifurahisha zaidi ni chuma kinachopigwa na jiwe. Kimechongwa mifereji ya wima, na hichohicho ndicho kifuniko cha kisahani cha baruti. Jiwe likigonga, kinafunguka na cheche zinaangukia humo. Taya zinazobana jiwe zina skrubu yenye pete kichwani, unaikaza bila bisibisi. Mwanajeshi aliyebuni hiyo namheshimu, kama alikuwa mwanajeshi.

Aina hii ilianza mwishoni mwa karne ya 16, ikadumu hadi ya 19. Muhuri wa fundi aliyeutengeneza umefutika, hivyo mji haujulikani. Mimi natamani uwe Ripoll, mji wa Catalonia, Hispania, uliosifika kwa bunduki hadi vita vya 1839 vilipouteketeza, lakini kutamani si ushahidi.

Kutu siipigi msasa, fundi niliyempelekea kanikataza kabisa. Mafuta mepesi na kitambaa, basi. Aliyenishauri siki, samahani mkuu, hapana.