Paka wa Don Corleone alikuwa kwenye skripti?

Wadau, nimerudia filamu ya The Godfather (1972). Yule paka mapajani mwa Marlon Brando, aliyemwigiza bosi wa mafia Don Corleone, alipangwa? Na Luca Brasi, yule mtu wake wa mabavu, mbona anababaika vile akiongea naye?

— Hakupangwa. Mwongozaji Francis Ford Coppola alimkuta anazurura studioni, akampachika Brando mikononi. Paka akakoroma kwa raha mpaka maneno ya Brando yakawa hayasikiki vizuri.

— Mimi Brasi ndiye ananimaliza. Lenny Montana aliyemwigiza alikuwa mwanamieleka, uigizaji alikuwa mgeni nao. Mbele ya Brando ulimi ukamgoma. Coppola akaona hilo ni dhahabu, akaliacha, halafu akapiga kipande kingine: Brasi kakaa peke yake harusini, anakariri salamu zake kwa kunong'ona. Tazama macho yake pale. Jitu zima, linahangaika na sentensi moja! Mwigizaji mzoefu angeiharibu kwa ufundi.

— Msisahau ile "acha bastola, chukua cannoli" (vitamutamu vya Kiitaliano) baada ya mauaji garini. Skripti ilisema waache bastola tu. Vitamutamu alivichomekea Richard Castellano mwenyewe, mwigizaji wa Clemenza.

— Kumbe! Na Paramount, studio yenye filamu, walikuwa hawamtaki Brando kabisa?

— Hawakumtaka. Hata Al Pacino, aliyemwigiza mwanawe Don, Michael, walimkataa, Coppola akang'ang'ania.