Tupeane uzoefu: sanaa iliyomrudisha mtu kwa watu

Mwenye mada: Asalaam aleikum ndugu zangu wa Amu (Lamu) na kwengineko. Habib Swaleh, mwanachuoni mzaliwa wa Ngazija huko Komoro, alipofanya makao Amu mwishoni mwa karne ya 19, aliwasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka hata kukaa nao, wakiwemo waliokuwa watumwa. Matari, zile ngoma za kupigwa kwa mkono, yakaingia kwenye Maulidi, na wapo waliomlaumu sana. Leo Maulidi hayohayo yanawaleta wageni kutoka pwani nzima pale msikiti wa Riyadha. Mimi naamini huruma yake ndiyo iliyoyapa matari yale nguvu. Nyinyi mmeona nini kwa macho yenu?

Fundi wa Langoni: Mimi nachonga milango. Kuna kijana wa mtaani kwetu alizama kwenye unga wa kulevya hadi nyumba zikawa zinafungwa akipita. Mamake akanijia jioni, hana la kusema, analia tu. Nikamwambia, mlete, lakini asiletwe kama mgonjwa. Nikampa kipande cha mbambakofi kilichobaki, patasi nyembamba na nyundo, nikamchorea ua moja kwa penseli. Mikono ilikuwa inamtetemeka, patasi ikiruka nje ya mstari. Mbambakofi ni mgumu, ukiufanyia haraka unakuharibia kazi yote, kwa hiyo ilimbidi atulie. Wenzangu walikuwa wakinilaumu kwamba ataiba vyombo. Hakuiba. Alianguka tena, akaenda kwenye matibabu, akarudi. Mwaka jana alichonga mfaa mzima, ule mti wa katikati ya mlango, peke yake, na mwenye nyumba alipokuja kuuchukua akamwuliza jina lake mbele ya watu. Jamani, nyinyi hamjui uzito wa kuulizwa jina na mtu aliyekuwa akikufukuza barazani pake.

Binti Matondoni: Maashallah, fundi. Mimi nitasema la watoto. Ile Flipflopi, dau lililoundwa hapa kwetu kwa taka za plastiki na kuvishwa ndara kama 30,000 zilizookotwa, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Wadogo zangu walipoliona na rangi zake, walianza wenyewe kuokota ufuoni. Sikuwahi kuona mkutano wa usafi ukifanya hivyo.

Mama wa Kofia: Mimi nashona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono. Jirani yangu alifiwa na mume, akajifungia ndani. Nilikuwa naenda na kofia yangu, nashona pembeni yake, sisemi kitu. Siku moja akaninyang'anya sindano, akasema, "Hapa umekosea." Tukaanza hapo. Sasa tuko wanawake sita, na mmoja wetu akiumwa, pesa ya kofia ya wiki hiyo inakwenda kwake. Hatukuandika katiba wala nini.

Kijana wa Mkomani: Shikamoo mama. Nami nauliza fundi: je, unapokea wengine? Nina binamu yangu, ni bubu, nyumbani wanamtuma maji tu, lakini akishika kisu na mti haachi.

Fundi wa Langoni: Mlete Jumamosi baada ya alasiri, mwanangu. Asinunue chochote, patasi ninazo. Ila mwambie mamake aje naye siku ya kwanza, nataka aone mwenyewe mwanawe anaweza nini.