Walimu wa tuisheni ya Kiingereza mnakula hela zetu na watoto mnawaharibu

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia, na wale wazee wa "fupisha mkuu" piteni tu.

Nina mpwa wangu yupo fomu foo, anakaa kwangu, Novemba anaingia mtihani wa taifa wa Necta, baraza la mitihani. Namlipia tuisheni ya Kiingereza kwenye senta moja hapa mtaani, jina silitaji, wenyewe mnajijua. Juzi nikamwambia lete noti tupitie ile sehemu ya fasihi, aisee nilichoka. Noti zenyewe ni orodha ya tamathali za semi kurasa na kurasa, jina, maana, mfano mmoja, basi. Mfano wa tashbiha: Juma ni jasiri kama simba. Mfano wa sitiari: Juma ni simba. Yani Juma yule yule, simba yule yule, ndo tumelipia hicho.

Binti kakariri zote, hata zile ambazo kuzitamka tu mpaka upumzike katikati. Nikasema sawa, hii riwaya ya Passed Like a Shadow mnayosoma, jina lake limebeba tamathali gani? Kimyaa. Kitabu kakaa nacho mwaka mzima, tashbiha ipo kwenye jalada kwa herufi kubwa, haioni! Na silaumu mtoto maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hivi vitu vinatafutwa ndani ya kitabu, yeye anajua vinakaa kwenye noti. Nikamuuliza tena, haya mwandishi kaitumia ya nini, akanijibu bila hata kupepesa macho, eti "kuipendezesha kazi ya fasihi". Nikapekua daftari, kweli, kila tamathali jibu ni hilo hilo, kupendezesha. Hivi humo ndani familia ya Adyeri inateketea kwa UKIMWI, baba anaenda, mama anaenda, kivuli kinapita hakiachi hata alama pale kilipopita, hapo kinachopendezeshwa ni nini?? Hayo maelezo ya kivuli ndo yanayompa mtoto maksi, siyo kutaja jina la tamathali na kukimbia.

Haya njoo kwenye esei sasa. Wanauziwa pamfleti yenye majibu yameshaandikwa, mtoto kazi yake kumeza. Utangulizi umeshapangwa, hoja tatu za kitabu hiki na tatu za kile, mwisho "waandishi wote wawili wamefanikiwa kuiasa jamii". Binti kameza jibu la mgongano wa tamaduni kwenye The Lion and the Jewel, tamthiliya ya Wole Soyinka, lote mpaka koma. Nikampa swali langu, Soyinka kamchoraje mwanamke kwenye hii tamthiliya, akaniandikia mgongano wa tamaduni ule ule, neno kwa neno, kaongeza tu neno mwanamke pale juu. Pepa ya kweli hiyo inakula sifuri huku yeye anatoka kwenye chumba cha mtihani anacheka, anajua kaua.

Na inauma kwa sababu ile tamthiliya ni tamu jamani. Sidi, mrembo wa kijiji, picha zake zimetoka kwenye jarida, kichwa kimevimba, anamcheka Baroka, mzee chifu wa kijiji, kwamba picha yake ni kadogo na kawekwa karibu na choo cha kijiji. Baroka nae anamdanganya Sadiku, mke wake mkubwa, kwamba nguvu za kiume zimemuishia, akijua kabisa yule mama hawezi kutunza siri, na Sidi anaenda kumdhihaki mzee anaishia kunaswa yeye. Mwambie mtoto hiyo hadithi kwa dakika kumi tu, kejeli ataiona mwenyewe na hatakaa aisahau, na swali la mwanamke atalijibu bila pamfleti. Lakini wapi, kitabu chenyewe hawasomeshwi, wanasomeshwa muhtasari wa muhtasari.

Kuna mtu atakuja hapa kusema lugha ni ngumu, watoto wametoka msingi kwa Kiswahili wakaangukia Kiingereza fomu wani. Ni kweli kabisa wala sibishi. Ila basi ndo sababu ya kuwaandikisha, aya moja moja, wakosee wasahihishwe, siyo kuwamezesha sentensi ambazo hata hawajui zinasema nini. Nimelipitia daftari lote la huyu binti sijaona esei hata moja iliyoguswa na kalamu nyekundu, tiki tu kubwa chini ya ukurasa kama saini ya mapokezi.

Alafu Necta wanatoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zipo bure mtandaoni, wanaweka mpaka picha za majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa wanafunzi wenyewe, wanaeleza huyu kakosa kwa nini. Mwalimu unashindwaje kuprinti kurasa mbili ukawaonesha watoto? Au ukiwaonesha pamfleti haitanunulika?

Sasa kama humu kuna mwalimu anayesoma kitabu na wanafunzi na anasahihisha esei mpaka mwisho, aje PM tuongee, hela ipo na binti ana muda wa jioni. Wauza pamfleti msijisumbue.